Mahali Hapakutajwa

Nakumbuka asubuhi moja ya Juni, mwanangu, kule Mufindi, ukungu umelala juu ya misonobari na malori ya mbao yanapita yamewasha taa. Nilikuwa kijana, mtunza kumbukumbu katika hospitali ndogo ya misheni. Kazi yangu ilikuwa kuandika misimbo: herufi na namba zinazoonyesha mtu ameumia nini, na nyingine zinazoonyesha ameumia wapi. Kwa mabweni ya shule orodha ilitaja kila mahali: chumba cha kulala, bafu, jiko, chumba cha kulia. Mwishoni palikuwa na msimbo mmoja tulioupenda sisi wavivu: "mahali hapakutajwa". Nyinyi mnaoifanya kazi hii leo mna kompyuta, lakini msimbo huo bado upo.

Asubuhi hiyo aliletwa msichana wa kidato cha pili, ameungua kwa maji ya moto. Alikuwa wa tatu kutoka bweni lilelile muhula ule, na wote watatu waliungua mguu wa kulia. Ajali gani hiyo inayochagua mguu? Matroni aliyemleta alisema tu, "Maji yamemwagika," akageukia dirishani. Nikaitazama mikono yake, nikaiona ni mikono ya mtu anayeadhibu watoto. Kisha nikaandika kama nilivyowaandikia wale wawili: mahali hapakutajwa.

Jumapili, baada ya ibada, nikamnong'oneza Atupele, mwenzangu wa kwaya, habari ya ile miguu mitatu na matroni wao.

"Matroni yule? Hata salamu yake ina baridi kuliko Juni hii!" akacheka. "Lisemwalo lipo, kaka."

"Mimi sijasema kitu."

"Umeshasema."

Haikupita wiki mbili, akina mama kanisani wakawa wanahama benchi alilokalia matroni. Wazazi wakamwandikia mkuu wa shule, wakitaka aondolewe. Nami, Mungu anisamehe, nilijiona mlinzi wa watoto.

Ndipo akaletwa wa nne, ameungua hadi gotini. Muuguzi wetu mkuu, Mama Mgaya, mama wa Kibena aliyesali kimoyomoyo kabla ya kufungua kila bandeji, akalivuta daftari langu.

"Hapakutajwa. Hapakutajwa. Hapakutajwa," akasoma. "Hapakutajwa, kijana wangu, au hukuuliza?"

Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba namshuku matroni.

"Hata mimi namshuku. Ndiyo maana nauliza. Wewe unamshuku halafu unanyamaza?"

Akamwomba matroni asubiri nje, akafunga mlango, akamwuliza yule wa nne. Wale watatu wa kwanza aliwauliza walipokuja kusafishwa vidonda, kila mmoja peke yake, wasije wakawa wamefundishwa jibu. Swali lilikuwa moja: ulikuwa umesimama wapi? Wote wanne walijibu: mlango wa bafu. Ndoo ya maji ya moto kutoka jikoni iko mkono wa kulia, mkono wa kushoto unasukuma mlango, na chini kuna ubao unaogonga vidole.

Tukaenda bwenini. Ubao ulikuwepo, banzi la msonobari limepigiliwa sakafuni mlangoni. Matroni alipotuona tumeinama pale akaanza kulia.

"Niliupigilia mimi. Maji ya bafuni yalikuwa yanaingia mpaka kwenye vitanda vya watoto. Alipoungua wa kwanza nilitaka kuung'oa, nikaogopa wataniuliza, mbona umeung'oa?"

Kwa hiyo alificha kitu kweli, mwanangu. Shaka yangu haikuwa ya bure. Lakini sikujua anaficha nini, na pale nisipojua nikajaza mwenyewe. Ningemwuliza msichana wa kwanza, ningeandika bafu. Alipokuja wa pili, tungeuona ubao. Wa nne asingeungua.

Mama Mgaya aliomba nyundo, akaung'oa ubao mbele yetu. Mimi nilimwomba matroni msamaha mbele ya mchungaji, naye akanisamehe. Hata hivyo likizo ilipofika alihamia Mbeya, kwa sababu benchi lake lilikuwa bado halijapata mtu wa pili. Yule msichana wa nne nilimkuta miaka mingi baadaye akiuza nyanya kando ya barabara Ilula. Aliniamkia vizuri, hakunikumbuka. Kovu lake nililikumbuka mimi.

Sikuambii usishuku, mwanangu. Mtoto akiletwa na jibu fupi, shuku. Lakini shaka yako uipeleke kwanza kwa mwenyewe aliyeumia, umwulize akiwa peke yake, umsubiri. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na ukiandika kwamba mahali hapakutajwa, iwe umeuliza ukakosa jibu. Mungu mwenyewe, ajuaye yote, alimwuliza mwanadamu wa kwanza yuko wapi kabla ya kumhukumu.

Akupe moyo wa kuuliza na uvumilivu wa kusikiliza, na kila mtoto anayepita mikononi mwako avuke mlango wake salama. Amina.