Feni Iliyotuletea Vumbi

Asubuhi tatu nilimpita Mzee Nzuki bila kumsalimia. Mzee aliyenifundisha kazi, anayeimba besi kwenye kwaya ya kanisa letu hapa Emali! Nilimpita, na sikuona haya.

Ilikuwa mwaka 1996. Karakana ya Bwana Ahmednur ilitengeneza vyuma vya malori, na mashine yetu kubwa ilikuwa CNC, ile inayochonga chuma kwa kufuata maagizo ya kompyuta. Ilikuwa kuukuu, lakini aliyeiendesha ni mimi, Nthenya, na nilijivunia sana. Jumatatu asubuhi nikabonyeza swichi. Kimya. Hata taa haikuwaka.

Mzee Nzuki, fundi wetu wa umeme, akaja na mita yake ya kupimia umeme. Alikuwa amefanya kazi katika reli tangu ujana, na hakuna aliyewahi kumsikia akisema amekosea. Akiunguza waya, waya ndio mbovu. Akichelewa, saa yako ndiyo inakimbia. Alipima fyuzi, akapima nyaya zote tatu za umeme, akapima transfoma. Kila kitu kizima. Mchana akafungua daftari la mashine, akaandika: "Imeharibiwa na mwendeshaji, Nthenya."

Wee! Bwana Ahmednur alisoma, akaniambia kwa upole ulioniuma kuliko matusi, "Mama, tungoje mpaka Ijumaa. Isipowaka, sitakuwa na kazi ya kukupa."

Mume wangu alikuwa ameshafariki, na watoto ni watatu. Ni karakana gani nyingine ingemwachia mwanamke mashine? Niliogopa, na hofu yangu yote niliigeuza kuwa chuki kwa yule mzee.

Alhamisi alasiri alikuwa bado amelala chini ya mashine, mimi nafagia. Wiki hiyo nilifagia mara nne kwa siku na vumbi la barabara ya Mombasa halikuisha. Nikapasuka.

"Na hii feni nayo imelaaniwa! Miaka yote inatoa vumbi nje, sasa inanitupia usoni!"

Mzee alitoka chini polepole. Akachukua kitambaa, akakishika mbele ya ile feni kubwa ya ukutani. Kikapeperuka kuja ndani. Humo karakanani, ni feni hiyo na CNC pekee zilizotumia nyaya zote tatu. Akakalia ndoo.

"Jumamosi," akasema, "nilimfungia Muthoki mota mpya kwenye kinu chake cha unga, hapo nyuma ya ukuta. Ikawa inazunguka kinyume. Nilikuwa nachelewa kwaya. Badala ya kufungua mota yake na kubadilisha nyaya humo, nikabadilisha nyaya mbili kwenye sanduku letu la umeme, ambalo naye analitumia."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo umeme wetu wote umegeuka. Feni inazunguka tu kinyume, haijali. Lakini hii mashine ina kifaa cha kuilinda. Kikiona nyaya zimepishana, inakataa kuwaka."

Tulikuwa wawili tu. Angeweza kurudisha zile nyaya kimyakimya, mashine iwake, asifiwe, na daftari libaki vilevile. Mimi ningesema, nani angeniamini? Nilimkazia macho. Naye alikuwa anaangalia mikono yake.

Akasimama, akaenda kumwita Bwana Ahmednur kabla hajagusa waya wowote, mashine ikiwa bado imekufa.

"Nimekosea," akasema. Sauti yenyewe ilikuwa nyembamba, besi yote imepotea. "Huyu mama hana hatia. Ni mimi."

"Tengeneza," akasema Bwana Ahmednur, akaondoka.

Muthoki akazima kinu, akina mama waliokuwa kwenye foleni na mahindi yao wakanung'unika. Mzee akarudisha nyaya mahali pake, kisha akaenda kufungua mota ya Muthoki na kubadilisha nyaya humo, kama alivyopaswa kufanya Jumamosi. Aliporudi nikabonyeza swichi. Taa zote zikawaka, na mimi nikalia kama mtoto, sikujali nani ananiona.

Mzee alikuwa ameinamia daftari. Alikata jina langu kwa mstari mmoja, akaandika lake kwa herufi kubwa.

"Habari ya asubuhi, Mzee," nikamwambia, ingawa ilikuwa saa kumi na moja jioni.

"Nzuri," akajibu bila kuinua kichwa. "Bado ya jana na ya juzi."

Nikamsalimia zote.