Mteja Aliyekosa Jina la Kuandika

Usiniambie nilikuwa nimekunywa. Ilikuwa saa nne asubuhi, Rohero, dukani kwangu ninapotengeneza kompyuta, na tumboni mlikuwa na chai tu. Vikombe viwili. Nimehesabu tena: viwili.

Akaingia mwanamume na laptop ndani ya mfuko wa plastiki, udongo mkavu umejaa katikati ya vitufe.

"Hii ni ya Gatumba, kwenye mafuriko," nikamwambia. "Imekunywa maji."

"Inawaka."

Kweli, ikawaka, Linux safi kabisa. Alitaka nimwekee programu ya kusoma Usenet, yale mabaraza makongwe ya mtandao ambako watu huacha ujumbe kama karatasi ubaoni.

"Mudogo wangu wa Ubelgiji anasomaka kule tu," akasema. "Mke wangu, banataka kumufukuza mu parseli, kiwanja yetu. Hajui kwenye niliweka karatasi."

"Si umpigie simu, papa?"

"Simu yangu haifikake."

Nikataja bei ya kuanzia, ile ya kumshtua mtu ili tushuke pamoja. Akakubali. Niamini, hapo ndipo nilipaswa kukimbia. Nani katika Bujumbura hii anakubali bei ya kwanza?

Programu iliingia bila shida. Anwani ya seva aliijua kwa kichwa. Kisha likaja dirisha linalotaka jina na anwani ya anayeandika, usipojaza, haliendelei.

"Jina?"

Akakwangua udongo kwenye kitufe kimoja kwa ukucha.

"Papa, jina lako."

"Apana. Lilibakia kule. Weka yako, patron."

Mteja mwingine alikuwa ameshaketi anasubiri. Nikaweka langu, na anwani ya duka. Fundi gani hajawahi kufanya hivyo?

Akaandika mistari mitatu kwa vidole viwili. Nikageuka kuchukua bisibisi. Niliporudisha macho, kiti kitupu, noti mezani zimelowa.

"Amepita wapi huyu?" nikamuuliza yule aliyekuwa akisubiri.

"Nani? We ulikuwa unasema peke yako, mi nikakuacha."

Nikaifungua kwa bisibisi laptop aliyoiacha. Ndani udongo mtupu, diski hakuna. Nilitafuta mara mbili. Sasa niambie, programu niliiweka wapi?

Siku ya tano akaja mama mmoja kutoka Gatumba, akiniulizia kwa jina langu kamili. Shemeji yake wa Ubelgiji alikuwa amemsomea kwa simu ujumbe wenye jina hilo: karatasi ya parseli imo ndani ya kopo la maziwa, chini ya kizingiti cha nyumba ya dada yake, mtaa wa Musaga. Alikuwa ameichimbua. Hafukuzwi tena.

"Nani alikuambia, papa? Bwana yangu alienda na maji. Hakuambiaka mutu."

Nikamkabidhi zile noti zote. Mimi. Bila kubishana.

Laptop nimeifungia kabatini, lakini ujumbe wenye jina langu haujakoma kutoka. Wiki hii wamekuja watatu. Mmoja anauliza nilijuaje maneno ya mwisho ya mama yake. Basi nimejiwekea programu ileile kwenye kompyuta yangu, na kila asubuhi nasoma nilichoandika.

Nawe unayefanya kazi hii, nisikilize. Mteja akikubali bei ya kwanza, muulize jina kabla hujagusa kitufe. Akilikosa, usimwazime lako. Langu bado halijarudi.