Mvua ya Mawe Nyumbani kwa Haboba

Harufu ya vumbi linapoguswa na upepo baridi, mvua ikiwa bado haijafika, hunirudisha Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, kwenye nyumba ya bibi yangu mzaa baba. Tulimwita Haboba, kama Wanubi wanavyowaita bibi zao. Alikuwa mwanamke wa kumuua nyoka kwa ufagio, kisha kuendelea kufagia uwanja kwa ufagio uleule.

Asubuhi ile redio ilitangaza hali ya hewa ya West Nile yote, kuanzia Koboko hadi Arua. Hewa baridi ilikuwa inasogea kutoka upande wa Kongo. Mchana tutarajie upepo mkali na mvua ya mawe. Baba alikuwa ameenda Arua kununua bidhaa za duka. Mimi na mdogo wangu Zamzam hatukuwahi kuona barafu ikianguka, basi tukamsumbua Haboba kwa maswali. Alicheka, akasema mawe yenyewe ni matamu kuyanyonya, tutaokota beseni zima. Akaanua mtama wake mkekani, akatukalisha ndani, tukasubiri kama watu wanaosubiri bibi harusi.

Upepo ulitangulia, ukabamiza dirisha. Kisha mawe yakaanza kupiga mabati. Zamzam alipiga makofi. Niligeuka nione kama Haboba naye anafurahi, nisimtambue. Uso ulikuwa umemkauka, macho yameganda mlangoni. Alitukamata mikono akatusukuma chini ya kitanda, akaingia nasi, akanilalia, kiganja chake kikaniziba mdomo.

"Musilie," alinong'ona. "Wakiuliza baba yenu iko wapi, semeni hatujui."

Nilitaka kumwambia ni barafu, si mwenyewe alisema? Lakini kiganja kilichonuka kitunguu hakikuniachia, na mwili wake wote ulikuwa unatetemeka juu ya mgongo wangu. Zamzam alijikojolea.

Mvua ikapita. Jua likatoka, tukawasikia watoto wa jirani wakiokota mawe na kucheka. Haboba hakusogea. Baba aliporudi jioni, suruali imejaa matope, alitukuta palepale. Kilichonishtua zaidi ni kwamba hakushangaa. Alilala kifudifudi sakafuni, akapenyeza mkono chini ya kitanda, akasema taratibu, "Mama, ni mimi. Iko mvua tu."

Akamtoa, akamfunika shuka, akamchemshia chai. Sisi hatukuelezwa lolote.

Haboba alikuwa ameshazikwa, nami nina watoto wangu, ndipo Baba aliponisimulia habari za vita: risasi juu ya mabati, askari mlangoni wakimuulizia babu yangu, ambaye hawakumpata siku ile lakini walimpata baadaye. Baba alikuwa chini ya kitanda, na umri wake ulikuwa kama wangu siku ya barafu.

Kumbe maneno yale ya chini ya kitanda hayakuwa ya kuambiwa mimi. Mdomo aliokuwa akiuziba Haboba ni wa mwanawe, ili apone.