Kijiji cha Bibi Hakina Basi

Miaka ile ya tisini nilikuwa nasoma chuo huku ughaibuni na kuishi kitongoji cha Brooklyn Center, na mchana nikipanda mabasi mpaka Eagan, upande wa pili wa jiji, kumtunza bibi mmoja wa Kihindi. Mwanawe, mhandisi, aliniajiri kwa sababu moja tu: mama yake hakujua Kiingereza, ila Kiswahili alikijua. Zamani mumewe alikuwa na duka Tanga. Mume alipokufa akarudi kijijini kwao, Gujarati, na uzeeni mwanawe akamleta huku kwenye theluji.

"Mtoto yangu," aliniambia siku ya kwanza, "mimi iko taka kwenda nyumbani kufa."

Hata koti sijavua! Nikamwambia, "Bibi, kufa kuna haraka gani?" Akacheka mpaka akakohoa.

Hakuacha kunieleza njia. Unashuka treni katika mji mdogo, unapanda basi la serikali mpaka njia panda penye kibanda cha chai, halafu ni gari la ng'ombe au miguu yako. Masika mto ukijaa, hutoki wala huingii.

Mwanawe hakutaka kusikia. Alikuwa amempigia simu mwenye duka wa kule. Vijana wameondoka kwenda mjini kuchonga almasi, nyumba zimepigwa makufuli, waliobaki ni wazee na nyati wao wa kufugwa. Basi nalo limeacha kufika njia panda kwa kukosa abiria.

"Atafikaje? Nani atampa maji?" aliniuliza.

Bibi naye akaniambia, "Anasema watu iko kidogo. Haya, mimi naenda ongeza moja!"

Mimi mdomo wangu hauna breki. Nikamwambia yule bwana, "Mama ni wako, lakini kufa ni kwake." Siku chache baadaye nikamkuta bibi uso unang'aa: mwanawe amekubali, tiketi ipo, Jumamosi anasafiri. Nililia kwa furaha utadhani naenda kwetu mimi.

Jumamosi nikaja kumsindikiza. Kwao msafiri hatoki nyumbani bila kulishwa kijiko cha mtindi wenye sukari, ili safari iwe njema, na anayelisha ni mwanamke wa nyumba. Hapakuwa na mwanamke mwingine ila mimi. Akaketi, akafungua mdomo, nikamlisha. Mwanawe alisimama mlangoni na sanduku, akitazama viatu vyake.

Tulikaa nyuma ya gari, mimi na bibi. Uwanja wa ndege uko karibu na Eagan, lakini gari halikukata kona ya uwanjani. Likavuka mto, likapita St. Paul, likashika kaskazini njia ya Blaine. Kule nilikuwa nimewahi kufanya kazi, katika nyumba ya kutunzia wazee. Lahaula! Hasira zikanipanda. Nikavuta pumzi nimpe yule bwana maneno yake.

Bibi akanishika mkono. Alikuwa amegeuza shingo, anatazama ndege zikishuka kule nyuma yetu, machozi yanamtoka bila sauti.

"Usigombeze yeye," akaninong'oneza. "Iko mtoto yangu."

Nikayameza maneno yangu, nikamfuta machozi. Mlangoni pa nyumba ile ya wazee muuguzi alikuwa anasubiri na kiti cha magurudumu. Mimi yule bwana sijamsamehe mpaka leo. Mama yake alishamsamehe kabla hajazima gari.