Nilimzushia Rafiki Yangu Kwamba Anaabudu Sanamu

Kosa ni langu, jamani. Sikuja hapa kujitetea.

Mimi na Masanja tumekulia kijiji cha Sapiwi, tukasoma siasa chuo kimoja. Huko tulipewa kazi ya kulinganisha fikra za Kibudha kuhusu utawala na zile za Magharibi zinazosema siasa ni kupigania madaraka basi. Masanja aliwapenda Wabudha.

"Wanasimulia kwamba mfalme wa kwanza alichaguliwa na wakulima wenyewe awalindie mashamba, wakawa wanampa sehemu ya mpunga wao," aliniambia. "Na mtawala aanze kujitawala yeye, aache hasira na tamaa."

Nilimcheka! Nikamwambia binadamu ni mbinafsi, ukisubiri wema wake utaliwa.

Tuliporudi nyumbani, sote tukagombea uenyekiti wa chama cha ushirika cha pamba. Watu walimtaka yeye. Binamu yangu Kulwa, aliyekuwa ananipigia kampeni, akauliza, "Sasa tunafanyaje?"

Nikamjibu, "Kwenye siasa hakuna rafiki. Sema Masanja ameacha kanisa, siku hizi anaabudu sanamu la Kibudha."

Uongo mtupu! Masanja alikuwa anaimba kwaya. Lakini maneno yakafika mpaka mnadani. Baba wa mchumba wake akavunja uchumba, ng'ombe wa mahari wakarudishwa mchana kweupe, kijiji kizima kinatazama. Na mimi nikaenda kumpa pole. Mimi!

Nikashinda. Kulwa akawa makamu wangu.

Msimu uliofuata, kwenye mkutano mkuu, Kulwa akasimama na simu, akaisogeza kwenye kipaza sauti. Ikasikika sauti yangu, nacheka, nasimulia nilivyommaliza Masanja. Maneno hayo nilimwambia sebuleni kwangu tukila wali! Mama yangu alikuwa pale mkutanoni. Alijifunika uso kwa khanga.

"Kulwa, ndugu yangu, ndiyo unanifanyia hivi?"

"Si ulinifundisha mwenyewe kwamba hakuna rafiki?"

Uenyekiti akauchukua yeye. Nilikuwa nimemlisha, nimemsomeshea wanawe, nimemwambia siri zangu zote.

Watu walitaka kunipiga siku ile. Aliyesimama mbele yao akawazuia ni Masanja. Oo, heri wangenipiga tu!

Kesho yake nilimfuata, nikapiga magoti, nikakiri kila kitu.

"Nimekusamehe," akasema. "Hasira nimeikataa. Ila nyumbani kwangu usije tena. Yule binti niliyemchumbia ameshaolewa kijiji cha Zagayu."

Akaingia ndani akafunga mlango, polepole, bila kuubamiza.

Wewe unayemchafua mwenzako ili upate cheo, nakusihi. Nenda leo ukaukane uongo wako mbele ya watu walewale waliousikia. Usingoje mpaka mtu mwingine aseme ukweli kwa niaba yako. Mimi nilingoja, na ukweli niliosema baadaye hakuna aliyeuhitaji.