Mayai Chini ya Kitanda cha Mama Mkwe

Yai la kula weka popote. Yai la kuatamiwa lina adabu zake, na hizo nilifundishwa na mama yangu kule milimani, si darasani. Darasani sikukaa hata nikajua kuandika jina la baba. Kuandika nimekujia ukubwani, kwenye kisomo.

Tulipohamia kijiji cha ujamaa huku bondeni, upande wa Tindiga, nyumba zimepangwa mstari kama meno, nilikuja na mtungi wa maji na kuku mmoja wa madoa. Vyote alinipa mama nilipoolewa. Mtungi ulipata ufa kwenye lori, nikauziba kwa nta, na maji yake yalikuwa baridi kuliko... haya, tuuache mtungi. Kuku alitaga vizuri, lakini kabla hajaatamia, kicheche akampitia. Nilikuta manyoya tu. Basi uzao wote wa kuku wa mama ukawa umebaki kikapuni: mayai yake, nimeyalaza kwenye pumba za mpunga, ncha chini, kando ya mtungi penye ubaridi. Asubuhi na jioni nikiyageuza.

Jirani yangu alikuwa na kuku aliyekaribia kuatamia. "Akikaa tu nakuita," akaniambia. "Ila na mimi unikatie vifaranga."

Kazi ikawa kungoja. Ndipo mama mkwe akaja kututembelea kutoka Kidete.

Alikuwa mwema yule mama, Mungu amrehemu, ila wema wake haukuwa na breki. Nilirudi kutoka shamba la ujamaa nikakuta kikapu kiko uchagani, juu ya mafiga, kinafuka moshi.

"Mwanangu, mayai yanataka joto," akasema. "Ulikuwa unayaua kwa baridi."

Nilitaka kulia. Joto la nusunusu ndilo linaloua: kifaranga anaanza kuamka, moto unazimika, naye anazimika nao. Lakini utamwambiaje mama mkwe kwamba hajui kuku? Alipokwenda kuoga nikayarudisha kando ya mtungi. Kesho yake kipande cha reli, kengele yetu ya kazi, kikagongwa, tukaenda shamba. Kurudi, kikapu kiko uchagani tena.

"Mkwe, mayai yako yana miguu?" akaniuliza.

Nikamshitakia mume wangu. "Niingie kati ya mama na mke kwa sababu ya mayai?" akasema. "Bora kicheche anile na mimi."

Aliyeniokoa ni panya. Tumekaa jikoni mchana, mama mkwe anakoroga uji, panya huyo akakatiza uchagani bila aibu.

"Mama, huyo anakula mayai!" nikapiga kelele.

Mwiko ukaanguka. Alikinyakua kikapu kama anaokoa mtoto motoni, akakimbia nacho chumbani mwake, akakisukuma chini ya kitanda, kwenye sakafu ya udongo isiyofikiwa na jua. Palikuwa baridi kuliko hata kwa mtungi.

"Basi, mama," nikamwambia taratibu, "uwe unayageuza asubuhi na jioni, panya ajue yana mwenyewe."

Aliyageuza kweli, fimbo mkononi.

Kuku wa jirani alipokaa, mama mkwe mwenyewe ndiye aliyebeba kikapu, kifuani. Machache yalikuwa viza, nadhani uchaga ulishayawahi. Mengine yakatotolewa, na kifaranga mmoja alikuwa na madoa. Nilimshika mpaka jirani akaniambia nitamminya.

"Mnaona?" mama mkwe akawatangazia watu. "Nimeyalalia mimi. Kuku huyu kamalizia tu."

"Bibi, basi msimu ujao tukujengee kiota!" akasema jirani.

Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini. Nami nikaitikia, "Ni kweli, mama, umeyalalia."

Alipokuja tena baada ya mavuno, nilimpa mtetea mwenye madoa, akampakata kwenye treni mpaka Kidete. Huko, nasikia, mayai yote ya mbegu aliyaweka kwanza chini ya kitanda, akisisitiza kwamba ni joto la mwili wake.

Yakatotolewa.