Gari Lililokuwa na Mlango wa Kuku

Kama ulikulia upande wa Karurumo enzi zetu, hukuhitaji kuliona gari ndipo ujue ni la nani. Ulilijua kwa kikohozi chake likipanda mlima. Tuliacha mpira wa matambara, tuliacha hata uji, tukakimbilia barabarani kunusa moshi wake, maana moshi wa petroli ulikuwa mtamu kuliko peremende na ulitolewa bure. Watoto wa siku hizi ukiwaonyesha gari wanauliza kama lina mahali pa kuchajia simu.

Kwetu hatukuwa na gari. Tulikuwa na aibu ya gari, na aibu hiyo ilitutangulia kuzaliwa. Siku ya harusi ya wazazi wangu, Baba aliazima gari la mtu wa Embu mjini, akaenda nalo kwa kina Mama, juu kidogo ya Makutano kule Meru. Wageni wakiwa katikati ya wali, mwenye gari akatokea, akaomba ufunguo, akaondoka nalo likiwa bado limevikwa maua. Mama alitoka kwao kwa miguu, gauni limekunjwa begani, viatu mkononi. Babu, yaani baba yake Mama, akamwita Baba kando na kumwambia maneno ambayo sisi watoto tuliyajua kwa moyo kama sala: "Usirudi hapa na msichana wangu mpaka ulete gari yenye hakuna mtu atakuja kuchukua."

Ikapita miaka tisa. Mama hakukanyaga kwao hata mara moja. Habari zilikuja kwa barua za Mjomba Mwenda, mdogo wake, na mwaka ule barua ilisema macho ya Babu yameanza kwenda. Mama aliikunja akaitia kifuani.

"Baba Wanja," akasema, akimwita kwa jina langu, "nataka anione kabla haijakuwa ni giza tupu. Tengeneza gari."

Alisema hivyo kama mtu anayesema tengeneza kiti, kwa sababu Baba alikuwa seremala.

Baba akaanza kuzunguka akiomba magari yaliyokufa, na hapo ndipo alipokosea. Kwetu mbuzi akichinjwa, kila kiungo kina mwenyewe, na mwenye kiungo hapitwi. Wazee walikaa wakaamua kwamba gari ni hivyo hivyo. Mwalimu Njeru, jirani yetu aliyestaafu, alitoa injini na uso wa gari lake dogo lililogonga ng'ombe. Ng'ombe alipona, gari halikupona. Mama Karimi, aliyeuza nyanya sokoni, alitoa chesesi, ule mgongo wa chuma wa chini, na magurudumu ya pikapu yake. Mzee Nyaga alitoa milango minne iliyokuwa imelala shambani mwake chini ya malenge, na mmoja ulikuja na lenge lake.

"Chukua," Mama Karimi alimwambia Baba. "Lakini gurudumu zangu ni zangu. Zikienda mahali, na mimi naenda."

Baba alicheka akadhani ni utani.

Sehemu ya nyuma, ile inayofanya gari liitwe stesheni wagoni, aliijenga kwa mbao za grevilia, kwa kuwa mbao ndizo alizozielewa. Alizipiga randa, akazipaka vanishi, akaweka mapazia na vishikio vya shaba. Mazoea ni kitu kibaya: aliweka na droo. Kwa mbele lilikuwa gari, kwa nyuma kabati la nguo. Mimi nililipenda mpaka nikakataa kwenda shule, nikachapwa, nikaenda.

Likakosekana jambo moja tu, mlango wa nyuma. Mama akaandika barua Meru. Baada ya wiki mbili basi likatushushia mlango wa chuma uliofungwa kwa magunia, unanuka vibaya. Mama aliusugua kwa majivu na maji moto mchana kutwa, akatuambia tusiulize.

Asubuhi ya safari, wenye viungo walifika wamevaa za kanisani. Baba akawaambia gari litarudi jioni na viungo vyao vyote. Wao walikuwa wanapanda. Mwalimu alikaa mbele karibu na injini yake na chupa ya maji ya kuinywesha. Mama Karimi alikaa juu ya gurudumu la nyuma ili alisikilize. Mzee Nyaga alishika milango miwili kwa kamba, na ile mingine miwili akawa anaikemea kwa mdomo. Mimi nilikaa kwenye droo, na kila tulipokata kona za Thuci nilifunguka na kujifunga.

Tulipovuka Chuka, Baba alisimamisha gari injini ipoe, akageuka. Jasho lilikuwa linamtiririka.

"Tafadhali," akasema. "Tukifika kwa mzee, hakuna mtu kusema kitu ni yake. Gari ni yangu. Mumesikia?"

"Tumesikia," wakajibu.

"Lakini usifunge mlango yangu na nguvu," akaongeza Mzee Nyaga.

Tuliingia kwa Babu jua likielekea kuzama. Babu alitoka na fimbo, amekaza macho upande wa mlio. Mama alishuka akasimama mbele yake.

"Umekuja na nini?" Babu akauliza.

"Na gari, Baba."

"Ya nani?"

"Yangu, mzee," Baba akasema kwa sauti ya mtu aliyefanya mazoezi.

Wakati huo huo injini ikatoa mvuke, na Mwalimu akapiga kelele, "Ngojeni injini yangu ipoe!" Mama Karimi akainama akasema gurudumu lake limeumia. Mzee Nyaga akauliza nani ameachilia mlango wake. Yote yalitokea kwa pumzi moja, na Baba akafumba macho.

"Kwa hivyo mumeomba tena," Babu akasema, akageuka kurudi ndani. Mama alibaki pale pale. Nilimchukia Mzee Nyaga siku ile kwa moyo wangu wote wa mtoto.

Tukiwa tumeduwaa hivyo, kuku wa Babu wakaja. Jua lilikuwa limezama, na kuku jua likizama huenda kulala. Walipanga mstari, jogoo mbele, wakapita katikati ya miguu yetu, wakapanda kwenye gari kupitia mlango wa nyuma uliokuwa wazi. Mmoja aliingia kwenye droo.

Babu alisikia kishindo cha mabawa akarudi. Akaupapasa mlango polepole mpaka vidole vyake vikafika kwenye kitasa cha waya alichokisokota mwenyewe.

"Hii ni mlango ya kuku zangu."

"Ndiyo, Baba," Mama akasema. "Mwenda alinitumia. Na wewe uko na kiungo."

Babu akaanza kuuliza, mmoja mmoja, nani ana nini, na kila mtu akajibu kwa woga.

"Kwa hivyo wenyewe wote wako hapa," akasema. "Sasa nani atakuja kuchukua?"

Alipanda nyuma, akasukuma kuku, akapiga mbao kwa kiganja ili Mama akae karibu naye. Akamshika uso kwa mikono yote miwili, akausogeza karibu na macho yake kabisa. Maharagwe ya njahi na mukimo wa viazi vililetwa humo humo garini, na Babu akamkatia Baba nyama kwa mkono wake. Hakuna aliyeshuka mpaka chakula kikaisha.

Gari lile bado liko nyumbani Karurumo, na kuku ndio wamelirithi. Mwanangu alilipiga picha juzi akaiweka mtandaoni. "Mathe," akaniambia, "hii si gari, hii ni content." Yeye hajawahi kuomba jirani hata chumvi, anaagiza kwa simu.

Mimi nina gari langu sasa, jina kwenye karatasi ni langu peke yangu. Naenda Meru peke yangu kumwona Mjomba kwa muda mfupi kuliko tuliotumia kupoza ile injini pale Chuka. Nikiweka mkoba kwenye kiti cha pembeni, gari huanza kulia kwamba abiria hajafunga mkanda. Zamani nilikuwa nauhamisha mkoba. Siku hizi naufunga mkanda kama abiria, tunaendelea na safari.